Kwa Nini Maabara Huotesha Ngozi ya Binadamu, Lakini Bado Hazijaotesha Figo?

Mwaka 1983 watoto wawili waliungua moto nchini Marekani kiasi kwamba zaidi ya asilimia 95 ya ngozi yao iliharibika. Kwa kawaida daktari wa majeraha ya moto huchuna ngozi isiyoungua ya paja au mgongo na kuipandikiza palipoungua, lakini kwa watoto hawa hapakuwa na pa kuchuna. Vipande vidogo vya ngozi iliyosalia vilipelekwa katika maabara ya mtafiti wa seli Howard Green mjini Boston, ambako seli zake ziliachwa zigawanyike hadi zikatoa tabaka za ngozi mpya zilizotosha kufunika takriban nusu ya miili yao. Walipona.

Ikiwa ngozi iliwezekana zaidi ya miaka 40 iliyopita, kwa nini hadi leo mgonjwa wa figo analazimika kusubiri figo ya mtu mwingine, au kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu mara kadhaa kwa wiki? Tatizo halitokani na ugumu wa kuotesha seli za figo, kwa maana nazo huota vizuri katika sahani ya maabara. Tatizo ni umbali uliopo kati ya seli na damu.

Seli hai huhitaji oksijeni na chakula, ambavyo hupenya kutoka kwenye kapilari, yaani mishipa midogo kuliko yote, na kusambaa polepole katika tishu iliyo jirani. Msambao huo hauendi mbali: ni mikromita 100 hadi 200 tu, ambazo ni sehemu ya kumi hadi sehemu ya tano ya milimita moja. Seli iliyo mbali zaidi ya hapo hufa. Katika sahani ya maabara shida hii haionekani, kwa sababu seli hutandazwa tabaka moja chini ya kimiminika cha lishe, ndani ya kabati lenye joto la nyuzi 37 na hewa iliyoongezwa kaboni dayoksaidi hadi asilimia 5. Kimiminika hicho, ambacho kwa kawaida kina rangi ya waridi, hugeuka manjano kinapojaa asidi inayotokana na taka za seli, na hapo mtafiti hana budi kukibadilisha, hata kama ni Jumapili, kwa maana seli hazijui sikukuu.

Ngozi ilitangulia kwa sababu tabaka lake la juu halina mishipa ya damu hata likiwa mwilini. Hulishwa kutoka tabaka la chini yake. Mwaka 1975 Green na James Rheinwald walionyesha kwamba seli za tabaka hilo hustawi zikioteshwa juu ya seli za panya zilizopigwa mionzi ili zisiendelee kugawanyika, na tangu wakati huo njia ikawa wazi. Mwaka 2017 kundi la Michele De Luca wa Modena, Italia, pamoja na madaktari wa Bochum, Ujerumani, walitangaza kwamba wamembadilishia mtoto mmoja asilimia 80 ya ngozi yake baada ya kurekebisha jeni yenye hitilafu katika seli zake mwenyewe. Konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, ambayo seli za kuifanya upya ziliruhusiwa kutumika kama tiba barani Ulaya mwaka 2015, haina mishipa ya damu. Gegedu la goti, ambalo madaktari wa Gothenburg, Uswidi, waliripoti kulitibu kwa seli zilizooteshwa mwaka 1994, nalo halina. Sidhani kama hiyo ni sadfa.

Kiungo kinene kidogo tu huleta mashaka. Mwaka 2006 daktari mpasuaji Anthony Atala wa Marekani aliripoti habari za wagonjwa saba, watoto na vijana waliozaliwa na mgongo wazi, ambao vibofu vyao vya mkojo vilipanuliwa kwa tishu iliyooteshwa kutokana na seli zao. Seli hizo zilipandwa juu ya kiunzi cha kolajeni, yaani protini inayoshikilia tishu za mwili, mithili ya udongo unaokandikwa juu ya fito za nyumba, na waliopata matokeo bora ni wale ambao kibofu chao kipya kilizungushiwa utando wa mafuta wa tumboni, wenye mishipa mingi ya damu. Hata hivyo, jaribio la baadaye lililochapishwa mwaka 2014 halikuonyesha nafuu iliyotarajiwa.

Kupuuza suala la damu kuligharimu maisha. Kuanzia mwaka 2011, daktari mpasuaji Paolo Macchiarini aliwawekea wagonjwa watatu nchini Uswidi bomba la hewa la plastiki lililopakwa seli za uboho wao, bila mishipa ya kulilisha. Wote watatu walifariki, na mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya nchi hiyo ilimhukumu kifungo cha miaka miwili na nusu.

Figo ina ugumu wa kupita vyote hivyo. Kila moja ina vichujio takriban milioni moja, na zote mbili hupokea karibu robo ya damu yote inayosukumwa na moyo. Ndiyo maana Harald Ott na wenzake wa Boston waliacha kujenga mishipa upya: walichukua figo ya panya, wakapitisha sabuni maalumu ndani ya mishipa yake hadi seli zote zikaoshwa na kubaki kiunzi cheupe chenye njia zote za damu, kisha wakakipanda seli mpya. Mwaka 2013 waliripoti kwamba figo hiyo ilitoa mkojo, ingawa ulikuwa kidogo na haukuchujwa vizuri.

Mwezi Desemba mwaka 2024 Marekani iliidhinisha mshipa wa damu uliooteshwa maabara, unaotumika kuokoa mikono na miguu ya waliojeruhiwa. Una kipenyo cha milimita 6. Kapilari ina mikromita 5 hadi 10, na kutoka mshipa huo hadi kapilari ndiko kuna matawi ambayo watafiti wa figo wanapaswa kuyaotesha yote, pasipo hata moja kuziba.