Mishipa ya paja imekataa, vali ya moyo itapita wapi? Maswali na majibu

Mzee wetu ana miaka 82, vali ya moyo imekaza, walisema watambadilishia bila kufungua kifua, sasa baada ya siti skani wanasema mishipa ya miguu haifai. Ndo basi tena?

Hapana, si basi. Kawaida hiyo vali mpya inakunjwa ikawa nyembamba, inapandishwa juu ya katheta, yaani mrija mwembamba, kupitia ateri ya kinenani, inapanda na aota, ile ateri kubwa inayotoka moyoni, mpaka kwenye moyo halafu inafunguliwa ndani ya ile vali ya zamani iliyojaa chokaa, vali ya aota, mlango wa damu inayotoka moyoni. Njia ya paja ndo chaguo la kwanza kila mahali, Marekani zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 wanapita huko. Ila wale wanaobaki nao wana njia zao, na siti skani inafanywa mapema kwa sababu hiyo hiyo, ili njia ijulikane kabla mtu hajalala kwenye meza ya upasuaji.

Kwa nini mishipa ya paja ikatae?

Upana kwanza. Mirija ya zamani ilikuwa mikubwa kweli, milimita 7 hadi 8, siku hizi imepungua lakini bado madaktari wengi wanataka ateri yenye milimita 5 na kitu. Sasa chukua mtu amekaa na sukari miaka mingi, au alivuta sana sigara, au figo zina shida, mishipa inakuwa myembamba, imekauka kwa chokaa, mingine imejikunja kunja hadi katheta haipandi. Kina mama wenye maumbo madogo pia, mishipa yao inaweza kuwa mizima kabisa ila midogo tu.

Kabla ya kuhama njia uliza kama hospitali ina ile mashine ya kupasua chokaa kwa mawimbi, wazo ni lile lile la kuvunja mawe ya figo, ila hapa kiputo kinaingizwa ndani ya mshipa wenyewe, kinapiga, chokaa inapasuka, mshipa unalegea kidogo na vali inapita. Wagonjwa wengi ambao zamani wangepelekwa njia nyingine siku hizi wanaishia pajani kwa sababu ya hiyo mashine.

Ikishindikana kabisa wanapita wapi?

Chini ya mtulinga, karibu na kwapa, mara nyingi upande wa kushoto. Wanachana kidogo wanaufikia mshipa unaoenda mkononi. Lakini waambie historia yote, kama mgonjwa aliwahi kufanyiwa bypass ya moyo, yaani kuunganishiwa mshipa mwingine wa kulisha moyo, huenda mshipa unaolisha moyo wake umetokea kwenye ateri hiyo hiyo, ukiizibia kwa mrija mnene moyo unakosa damu. Na mwenye fistula ya dialisisi mkononi, ule mshipa uliounganishwa kwa ajili ya kusafishia damu, aseme pia.

Kisha shingoni. Hapo ndo familia nyingi zinashtuka, na mshtuko naelewa kabisa, ateri ya shingo inapeleka damu kwenye ubongo na wanaibana kwa muda. Ndo maana wanapima kwanza upande wa pili wa shingo na mishipa ya ndani ya kichwa, waone kama ubongo utapata damu ya kutosha kutoka huko. Ufaransa wameizoea sana njia hii. Kuhusu kiharusi, tusidanganyane, kinaweza kutokea hata ukipita pajani, maana chokaa nyingine inabomoka kwenye vali yenyewe wakati inatanuliwa.

Kuna ya kupitia mbavuni, wanachana kati ya mbavu na kutoboa ncha ya moyo, halafu wanashona. Miaka ya mwanzo ilitumika sana, siku hizi imerudi nyuma, kwa sababu unaujeruhi moyo wenyewe, mapafu ya mzee yanasumbuka na kupona kunachukua muda. Mimi ningeiweka mwisho mwisho, pamoja na ile ya kufungua sehemu ya juu ya kidari na kuingilia aota moja kwa moja, ambayo nayo haifai kama aota imejaa chokaa.

Nimesikia kuna wanaopitia kwenye vena, inawezekanaje wakati vali iko upande wa ateri?

Inawezekana, na hii ndo inayonishangaza kuliko zote. Vena, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, ni pana na inatanuka, kwa hiyo wanapanda na vena ya kinenani mpaka tumboni, pale vena kubwa na aota zinapokaa jirani, wanatoboa kwa waya wenye umeme kutoka vena kuingia aota, mrija unapita, vali inawekwa, wakitoka wanaziba lile tundu kwa kiziba kidogo cha waya. Mtu wa kwanza alifanyiwa Detroit, Marekani, mwaka 2013. Inataka timu iliyozoea na siti skani safi, sio ya kujaribia.

Na vena sio jambo geni. Daktari Alain Cribier alipoweka vali ya kwanza ya aina hii kwa binadamu, Rouen, Ufaransa, Aprili 2002, mgonjwa alikuwa na miaka 57, hali mbaya, ateri za miguu hazipitiki, akapanda na vena akatoboa ukuta kati ya vyumba vya moyo. Yaani huyo wa kwanza kabisa naye hakupita njia ya kawaida.

Dada yangu ana miaka 24, vali iliharibiwa na homa ya baridi yabisi. Naye anaweza?

Mara nyingi hapana. Vali hizi hushika kwa kujibana kwenye chokaa ya uzee, yake huenda haina, na kwa baridi yabisi inayoumia zaidi ni vali ya mitro, vali nyingine ya moyo, sio hii ya aota. Umri wake unafanya upasuaji, kurekebisha au kubadilisha, uwe wa kuzungumziwa kwanza.

Tuulize nini kwa daktari?

Ateri ina milimita ngapi kila upande, na wao wenyewe wameshafanya wangapi kwa njia wanayoipendekeza, maana timu iliyozoea shingo huenda ikawa salama zaidi shingoni kuliko kwapani. Uliza ni nusu kaputi au ganzi. Waislamu waulize pia tishu ya vali, zipo za ng'ombe na zipo za nguruwe. Na picha za siti skani ziombeni kwenye CD, sio ripoti ya karatasi tu, mkienda India au kokote daktari mwingine atataka kupima mishipa mwenyewe, na bila picha atarudia kipimo chenye dawa inayochosha figo.