Grateful Dead na kanda zao: stori za vijiweni ni nyingi, ila kanda zenyewe zinasema vingine

Mashabiki wa Grateful Dead wana tabia moja, hawakuulizi unapenda albamu gani, wanakuuliza tarehe. Mmoja atakutajia 13 Februari 1970 pale Fillmore East New York, mwingine 27 Agosti 1972 kule Veneta, Oregon, na wote wawili wako tayari kugombana. Manake hii bendi ya California ilianza 1965 ikaishia 1995 mpiga gitaa na mwimbaji wao Jerry Garcia alipofariki, na katikati hapo ilipiga shoo kama 2,300 hivi, na sehemu kubwa sana ya shoo hizo mtu fulani alirekodi. Kwa waliokulia kwenye muziki wa Kongo, chukua sebene linalogoma kuisha, halafu kesho yake wimbo uleule linakuja sebene jingine kabisa ambalo jana halikuwepo. Ndo maana watu wanakusanya tarehe.

Sasa kumbukumbu za watu zikikaa miaka 40 zinaota mbawa. Uzuri kanda zipo, na kanda haina ushabiki.

"Waliokuwa wanarekodi walikuwa wezi tu"

Mwanzoni walijificha kweli, siwezi kubisha. Maiki ndani ya koti, deki chini ya kiti, na fundi wa bendi akikubamba anaweza kukukatia waya hapohapo. Ila hata kipindi hicho bendi yenyewe haikuwa na kinyongo sana, Garcia msimamo wake ulikuwa kwamba wao wakishamaliza kupiga basi, watu wachukue. Tatizo lilipokuja kuwa kubwa halikuwa la wizi wala nini, lilikuwa la kuona! Wanarekodi waliongezeka wakawa wanasimamisha maiki juu ya vyuma virefu mbele ya mitambo ya sauti ya bendi, mpaka fundi mitambo Dan Healy akawa haoni jukwaa vizuri, na huku waliolipa kiingilio wakae watazame kwa raha zao wanalalamika wamezibwa. Bendi nyingine ingepiga marufuku. Hawa Oktoba 1984, kwenye shoo za Berkeley, wakawatengea sehemu yao nyuma ya mitambo na tiketi zao maalum. Wezi gani wanakatiwa tiketi?

"Ukigawa bure hauli"

Hii ndo inayorudiwa na kila mtu wa biashara ya muziki, na kwa bendi nyingine labda ni kweli, lakini kwa hawa haikuwa hivyo. Mauzo ya albamu za studio hayakuwahi kuwa ya kutisha, na katika miaka yote 30 wimbo wao ulioingia kumi bora Marekani ni mmoja tu, "Touch of Grey" mwaka 1987, ukafika namba 9. Mmoja! Na bado walikuwa wanajaza viwanja vya mpira na mwanzoni mwa miaka ya 90 walikuwa miongoni mwa bendi zinazoingiza hela nyingi zaidi kwa shoo nchini kwao. Kaseti ndo ilikuwa tangazo lao, mwanafunzi wa chuo anamkopia mwenzake wa bweni, mwenzake anapagawa, msimu ujao wote wawili wako kwenye foleni ya tiketi.

Na utaratibu wa kukopiana ulikuwa na adabu zake bwana. Humjui mtu, unampata kwa barua, unamtumia kaseti tupu pamoja na hela ya stempu ya kurudishia, yeye anakopi anakurudishia, faida hakuna. Kaseti pendwa ilikuwa Maxell XLII ya dakika 90, yaani dakika 45 kila upande, na hapo ndo kasheshe, kwa sababu hawa jamaa wakianza "Dark Star" hawajali kaseti yako ina dakika ngapi, kwa hiyo gitaa liko juu kabisa linapaa, mara kaa! upande A umeisha, ukigeuza unakuta wimbo ushakimbia mbele. Na kila kopi ya kopi ilikuwa inaongeza ile shhhh, kwa hiyo mtu mwenye kopi ya kwanza toka kanda mama alikuwa mtu wa kuheshimiwa, anapigiwa saluti. Kwenye karatasi ya kava unaandika kwa mkono tarehe, ukumbi, nyimbo kwa mpangilio, na kama ni muungwana unaandika na kopi yako ni ya ngapi.

Halafu mwaka 1993 bendi ikaanza kutoa mfululizo wa Dick's Picks, shoo kutoka stoo yao, zilizochaguliwa mwanzoni na Dick Latvala ambaye mwenyewe alikuwa shabiki mkusanya kanda kabla ya kukabidhiwa stoo ya bendi. Ya kwanza ilitoka kwenye shoo ya Tampa, Florida, 19 Desemba 1973. Baadhi ya hizo CD zimeandikwa kabisa onyo kwamba sauti ina kasoro, mnunuzi ujue mwenyewe. Watu wakanunua, tena vitu ambavyo kwenye kaseti wanavyo tayari! Zilifika 36 mpaka 2005.

"Kama ni bure basi naweza kuuza"

Hapana. Ruhusa ilikuwa ya kurekodi na kubadilishana, hela isiguse, na mashabiki wenyewe ndo walikuwa wakali kuliko hata mawakili. Ila ni kweli mipaka ya ruhusa hiyo iligombaniwa. Mwishoni mwa Novemba 2005 shoo zote za Grateful Dead zilizokuwa Internet Archive, ile maktaba ya mtandaoni, zikafungiwa kupakuliwa, mashabiki wakaja juu, sahihi zikakusanywa, na Phil Lesh mpiga besi akasimama hadharani upande wa mashabiki. Siku chache tu mambo yakalegezwa: zile zilizorekodiwa na watazamaji zikarudi kupakuliwa, zilizotoka kwenye mitambo ya bendi ukawa unasikiliza palepale mtandaoni, kupakua hakuna.

"Wanapiga tu ovyo, wamelewa"

Bangi na vinginevyo vilikuwepo, tusidanganyane, fundi mitambo wao wa mwanzo Owsley Stanley ndiye huyohuyo aliyekuwa akitengeneza LSD inayosambaa California. Lakini sikiliza "The Eleven", ule wimbo una hesabu ya mapigo 11, jaribu kuupiga ovyo uone. "Dark Star" singo ya 1968 haifiki hata dakika tatu, ile ya albamu ya Live/Dead ya 1969 inapita dakika 23, na ukisikiliza unaona wanajua wanarudi wapi. Na huyo Stanley aliyesemwa sana kwa madawa ndiye aliyejenga mazoea ya kurekodi kila usiku ili bendi ijisikie ilipokosea. Bila yeye nusu ya ubishi huu usingekuwepo.

"Kanda ya mitambo siku zote ni bora kuliko ya mtazamaji"

Hapa hata mashabiki wakongwe wanateleza. Kanda ya mitambo inachukua kile tu kinachopita kwenye mitambo, kwa hiyo kwenye ukumbi mdogo ambapo amplifaya za magitaa zinasikika zenyewe toka jukwaani, fundi hana haja ya kuziongeza, matokeo yake kwenye kanda unapata sauti za waimbaji ziko puani kwako na gitaa liko mbali huko. Watu hawasikiki kabisa, mnapiga wimbo mkali halafu kimya kama msibani. Kanda ya mtazamaji aliyesimama sehemu nzuri na maiki nzuri unasikia ukumbi, unasikia ile noti ya besi ya Lesh inavyosukuma ukuta, unasikia elfu ngapi za watu zinalipuka wimbo ulivyotambulika. Ndo maana siku hizi kuna wanaochukua zote mbili wanazilinganisha sekunde kwa sekunde na kuzichanganya, kazi ya uvumilivu ile, na zikitoka vizuri mimi ndo nazipenda kuliko zote.

"Cornell ndiyo shoo bora ya bendi, mjadala umefungwa"

8 Mei 1977, ukumbi wa Barton Hall, Chuo Kikuu cha Cornell, Ithaca, New York. (Wamarekani wanaanza na mwezi, wanaandika 5/8/77, usije ukatafuta ya Agosti.) Waliokuwepo wanasimulia theluji ilianguka usiku ule, mwezi wa Mei, na hiyo ni kweli. Maktaba ya Bunge ya Marekani imeiweka kwenye orodha yake ya rekodi za taifa za kuhifadhiwa, orodha ya 2011. Na ni shoo kali, "Scarlet Begonias" ikiingia "Fire on the Mountain" ni zaidi ya dakika 20 na hutamani kugusa kitu.

Ila umaarufu wake una siri. Aliyeirekodi ni Betty Cantor-Jackson, fundi mwenye sikio la ajabu, na baadaye mama wa watu alishindwa kulipia stoo alikohifadhi kanda zake, vitu vikapigwa mnada mwaka 1986, kanda zikaangukia mikononi mwa watu baki, mashabiki wakazisafisha na kuzisambaza. Kwa hiyo kila mtu alikuwa nayo na ilikuwa inasikika safi wakati shoo nyingine watu wanazisikiliza kupitia shhhh. Sikiliza New Haven ya tarehe 5, Boston ya tarehe 7 na Buffalo ya tarehe 9, wiki ileile, vidole vilevile. Bendi ilizitoa zote nne pamoja 2017, na Buffalo kuna watu wazima wanaiweka juu na wala hawatanii.

"Soldier Field tulijua ni mwisho"

Wengi wanasema walihisi. Tarehe 9 Julai 1995, uwanja wa Soldier Field, Chicago, shoo yao ya mwisho, wimbo wa kufungia ukawa "Box of Rain", na ukijua yaliyofuata unaweza kusikia kila aina ya kuaga humo. Lakini hakuna aliyeaga jukwaani, Garcia alifariki mwezi mmoja baadaye, 9 Agosti. Kwenye kanda unasikia mtu mgonjwa aliyechoka, maneno mengine yanamtoka, na bendi inayofunga msimu kama inavyofunga misimu yote.

"Piramidi, mwezi umepatwa, lazima ilikuwa balaa!"

Hii ndo stori tamu kuliko zote, na ya bara letu pia. Septemba 1978, tarehe 14, 15 na 16, Grateful Dead walipiga Giza, Misri, Piramidi Kuu iko nyuma yao, na usiku wa mwisho mwezi ukapatwa kweli. Mashabiki wakajenga imani kwamba zile lazima zilikuwa shoo za maisha. Kanda sasa: kinanda cha Keith Godchaux hakikutyuniwa sawasawa, Bill Kreutzmann mmoja wa wapiga dramu wawili alikuwa ameumia mkono anapiga kwa shida, na ule mpango wao wa kuvuta waya mpaka chumba cha ndani ya Piramidi Kuu ili watumie mwangwi wake uligoma. Albamu ya laivu iliyotegemewa kurudisha gharama za safari wakaiacha, mpaka 2008 ndo ikatoka.

Itafute hiyo ya 2008 na uende moja kwa moja pale Hamza El Din, mwanamuziki wa Nubia, anapoanza na wenzake kwa ngoma za tari, makofi na kuitikiana, halafu wazungu wanaingia mmoja mmoja, taratibu, mpaka wamejikuta wamefika "Fire on the Mountain". Pale pako safi. Kinanda kivumilie tu.