Kinyonga hana sumu, na wala si mkorofi

Huku Masasi, mtu akipalilia mikorosho akakuta kinyonga ameachama na kufoka kama nyoka, la kwanza kusikika ni: "Ana sumu huyo, muue!" Hata wanaomfuga humwita mkorofi. Si kweli. Hakuna kinyonga mwenye sumu, na kile kinachoonekana kama hasira ni woga.

Mtazame kwa karibu kinyonga wetu wa kijani mwenye vipande vya ngozi nyuma ya kichwa, ambaye wataalamu humwita Chamaeleo dilepis. Hana mbio. Akibanwa hujaza hewa mwilini, hukugeuzia ubavu aonekane mpana, husimamisha vile vipande vya ngozi, hutokwa na madoa meusi, kisha huachama na kukuonyesha rangi ya chungwa ndani ya mdomo. Vyote hivyo ni vitisho tu, anakuomba umwache. Kung'ata huja mwishoni, na meno yake madogo yakikuchubua, osha kwa maji na sabuni.

Rangi nayo wengi huisoma vibaya. Hageuki ili afanane na kitambaa ulichomwekea. Hugeuka kwa joto, mwanga na hali aliyo nayo. Akiwa mweusi asubuhi juani, anaota jua. Akiwa mweusi mkononi mwako, tafadhali mrudishe kwenye tawi.

Na akitulia usidhani amekuzoea. Huishi peke yake, na kushikwashikwa humtesa hata akaacha kula. Ukilazimika kumhamisha, mwekee kijiti mbele apande mwenyewe. Usimnyakue kutoka juu, maana ndivyo ndege wanavyomkamata.