Je, wajua? Dawa ya kusaka mchochota mshipani huzima taa badala ya kuiwasha

Ukisikia mgonjwa amechomwa dawa ya kuonyesha mchochota (uvimbe wa kinga ya mwili, inflammation) kwenye ateri, utadhani palipo na ugonjwa patang'aa. Kwa dawa za chuma katika MRI, mashine ya kupiga picha kwa sumaku, ni kinyume: panakuwa peusi.

Kosa kubwa zaidi ni kudhani dawa ya kawaida ya anjiografia, yaani picha ya mishipa ya damu, nayo huonyesha mchochota. Hiyo huonyesha njia ya damu tu, ilipo pana na ilipobana. Ni sawa na kupima nafasi ndani ya bomba huku hujui kutu imelila bomba kiasi gani. Mafuta yaliyojijenga kwenye ukuta wa mshipa yanaweza kuiacha njia karibu wazi, kisha yakapasuka, damu ikaganda juu yake na moyo ukapata shambulio.

Chembe za oksidi ya chuma, nanomita 30 hivi, huvikwa koti la wanga ili ini lichelewe kuzidaka. Zikizungukazunguka damuni, makrofaji, seli za kinga zinazomeza vitu vigeni, waliojaa kwenye mchochota huzibugia. Hakuna ndoano hapa. Ni chambo, na mlaji hujianika mwenyewe.

Mbona giza? Picha ya MRI hutokana na protoni (viini vya hidrojeni) za maji zinazokwenda kwa mdundo mmoja, kama umati unaopiga makofi ya pamoja. Chuma ni yule anayepiga debe katikati yao: walio karibu hupoteza mdundo, makofi yanatawanyika, sauti inafifia. Debe husikika mbali, kwa hiyo doa jeusi huwa kubwa kuliko chembe zenyewe.

Hupigwa picha kwanza bila dawa, kwa sababu chokaa na damu iliyovujia ukutani zamani nazo ni nyeusi. Kisha dawa, kisha kusubiri saa 24 hadi 36. Ukiwahi, chuma bado kimejaa damuni na huwezi kutenga ukuta.

Dawa yenyewe, ferumoxytol, iliidhinishwa Marekani mwaka 2009 kutibu upungufu wa damu kwa wagonjwa wa figo! Huzimuliwa na kuingizwa polepole, dakika 15 au zaidi, maana mzio wake unaweza kuua.

Uskochi waliijaribu kwa wagonjwa 342 wenye aorta ya tumbo (mshipa mkuu wa damu) iliyotanuka, matokeo yakatoka 2017. Walioonyesha mchochota walipasukiwa au kufanyiwa upasuaji zaidi. Lakini ukishajua upana wa aorta, ambao ultrasaundi huupima kwa dakika chache, weusi ule hauboreshi utabiri.