"Nikivuta moja natulia": dhana potofu kuhusu nikotini na homoni za msongo

Kauli hiyo nimeisikia kwa watu ninaowapenda, na sidhani kama wanadanganya. Utulivu wanaousikia upo kweli. Tatizo ni sababu wanayoipa.

Dhana: Sigara hupunguza msongo wa mawazo.

Ukweli: Ukivuta pafu moja, nikotini, kemikali ya tumbaku inayoleta uraibu, hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20. Huko huiamsha haipothalamasi, sehemu ndogo ya ubongo inayoongoza homoni, nayo huiamsha tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, ambayo hutuma homoni yake kwa njia ya damu hadi kwenye tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo. Tezi hizo humwaga kotisoli, na sehemu yake ya ndani humwaga adrenalini: zote mbili ni homoni za msongo. Moyo huenda mbio, mishipa ya damu hubana, presha hupanda. Ni mambo yaleyale yanayoupata mwili wa mtu aliyekaribia kumkanyaga nyoka.

Sasa utulivu unatoka wapi? Kila baada ya saa 2 hivi, nikotini iliyomo kwenye damu hupungua kwa nusu. Inaposhuka, ubongo ulioizoea huanza kuidai: wasiwasi, hasira za karibu, vidole visivyotulia. Sigara inayofuata hulipa deni hilo. Mtazame mvutaji anapoamka. Hajagombana na mtu, hajakumbuka hata shida moja ya jana, lakini mkono umeshaanza kupapasa kiberiti kabla miguu haijagusa sakafu. Amekaa usiku kucha bila nikotini, basi. Msongo anaoutuliza saa ile ameletewa na sigara zenyewe. (Halafu anayetoka nje kuvuta huwa ameacha kazi kwa dakika kadhaa na kushusha pumzi ndefu. Hayo mawili hutuliza hata pasipo moshi.)

Dhana: Mwili ukishazoea, homoni haziguswi tena.

Ukweli: Mwili huzoea, lakini si kikamilifu. Wanaovuta kila siku, kwa wastani, huwa na kotisoli nyingi kuliko wasiovuta. Kinachonisumbua zaidi ni upande wa pili. Watafiti wanapowaweka wavutaji mbele ya jopo wahutubie na kupiga hesabu kichwani, kotisoli yao haipandi sana kama ya wasiovuta. Mfumo unaochokozwa mara nyingi kwa siku bila sababu huitika kwa unyonge sababu ya kweli inapokuja. Na miongoni mwa wanaojaribu kuacha, wale ambao mfumo huu unaitika kwa unyonge zaidi ndio waliokutwa wakirudia sigara mapema.

Dhana: Ubaya uko kwenye moshi tu, kwa hiyo sigara ya kielektroniki haigusi homoni.

Ukweli: Moshi ndio chanzo kikubwa cha saratani, hilo ni sahihi. Ila tezi za adrenali huchokozwa na nikotini, iwe imekuja kwa moshi, kwa mvuke au kwa ugoro. Viraka vya nikotini vya kubandika kwenye ngozi visikutishe: huitoa polepole, na dozi hupunguzwa hadi mtu aachane nayo.

Dhana: Nikiacha, akili yangu itavurugika.

Ukweli: Siku 2 au 3 za mwanzo ni ngumu, sikufichi. Hali hiyo kwa kawaida hupungua ndani ya wiki 2 hadi 4. Mwaka 2014 jarida la tiba la BMJ la Uingereza lilichapisha uchambuzi wa tafiti 26: walioacha walipungukiwa na wasiwasi, sonona na msongo kuliko walioendelea kuvuta, wakiwemo wenye magonjwa ya akili.

Anayetumia dawa za magonjwa ya akili amweleze daktari kabla ya kuacha. Moshi wa sigara huharakisha baadhi ya dawa hizo kuondoka mwilini, hivyo moshi ukikoma, dozi ya zamani inaweza kuwa kubwa mno.