Bakuli la kaboni na ncha zake za umeme

Chukua makasi na karatasi ngumu. Kata pembesita saba zinazolingana, uzungushe sita kati yake kuizunguka ya saba. Zitalala bapa mezani, maana kila kona ina nyuzi 120 na kona tatu zikikutana unapata 360 kamili. Sasa weka pembetano katikati, uizungushie pembesita tano. Hapo zinakutana nyuzi 108, 120 na 120, jumla 348. Ukizilazimisha kingo zishikane kwa gundi, karatasi yote inainuka na kuwa bakuli. Wanafunzi wangu hapa Kisumu hulielewa jambo hili upesi wakilishika mkononi kuliko kwa mchoro wowote ubaoni.

Ukiweka atomi ya kaboni kwenye kila kona, umbo la kwanza ni molekuli ya koroneni, C24H12. La pili ni koranuleni, C20H10, iliyotengenezwa mara ya kwanza mwaka 1966. Zote mbili ni kaboni na haidrojeni tupu. Hamna oksijeni wala naitrojeni ya kuvuta elektroni upande mmoja. Dipoli ya koroneni, yaani kipimo cha jinsi chaji chanya na hasi zilivyotengana ndani ya molekuli, ni sifuri. Ya koranuleni, ilipopimwa kwa mawimbi ya maikrowevu, ilikuwa debye 2.07 (debye ni kizio cha dipoli). Maji, tunayoyataja kila mara darasani kama mfano wa molekuli yenye ncha, moja chanya na nyingine hasi, yana 1.85 tu! Tarakimu hizo mbili bado zinanisisimua.

Kwenye molekuli bapa, wingu la elektroni za pai, zile zinazotanda juu na chini ya atomi, limegawanyika sawasawa, nusu juu, nusu chini. Molekuli ikipinda, upande wa ndani unabanwa na wa mgongoni unapata nafasi, basi elektroni zinasogea mgongoni. Huko panakuwa hasi kidogo, na haidrojeni za ukingoni zinabaki chanya. Fulereni C60, mpira wa atomi 60 za kaboni, imepinda kila mahali lakini haina dipoli, kwa sababu kila msogeo unafutwa na mwenzake wa upande wa pili. Bakuli sharti liwe wazi.

Na masizi ya koroboi, yale yanayopaka dari za nyumba zetu huku ziwani? Huanzia kwenye molekuli za jamii hii ndani ya mwali, nyingine zikiwa na pembetano. Kinachozishikanisha kwenye joto kali hivyo bado kinabishaniwa. Watafiti wa Cambridge wamependekeza kwamba molekuli zilizopinda, kwa kuwa zina ncha, huvutwa na ayoni (chembe zenye chaji) zilizomo mwalini. Naiona hoja hiyo kuwa na uzito, ila sidhani mvuto huo unatosha peke yake: kwa joto la nyuzi zaidi ya 1,000, lazima viungo vya kikemia navyo vifungike.