Risepta za nyuropeptidi ni nini? Anzia kwa mtu wa kipandauso

Kama kwenu kuna mtu wa kipandauso unamjua tu, anajifunga kanga kichwani kwa nguvu, anazima taa, hata redio ya jirani inamuumiza, na panadol kashameza mbili lakini wapi. Ukitaka kuelewa risepta za nyuropeptidi anzia kwa huyo huyo.

Nyuropeptidi ni vipande vidogo vya protini ambavyo seli za neva zinavitoa kupeana taarifa, na kinachopokea hiyo taarifa ndo risepta, nayo ni protini iliyojichomeka kwenye ukuta wa seli, inaingia inatoka mara saba kama uzi kwenye kitambaa, ncha moja nje nyingine ndani. Peptidi ikikaa pale kwa nje, huku ndani seli inabadili mwenendo. Zipo nyingi, kuna za orexini zinazotuweka macho, kuna za endofini, kituliza maumivu cha mwili wenyewe, ambazo mofini, dawa ya maumivu inayotoka kwenye afyuni, nayo inazidandia (watu wametumia afyuni karne na karne bila kujua inafanyia kazi wapi).

Nyuropeptidi ya kipandauso inaitwa CGRP, ni mnyororo wa asidi amino 37, yaani vile vijenzi vya protini. Inamwagwa na neva ya trijemina, ile inayoleta hisia za uso na kichwa, inatanua mishipa ya damu kwenye utando wa ubongo na neva za maumivu zinakuwa nyepesi kushtuka. Watafiti waliwadunga CGRP watu wenye kipandauso, na wengi wao kichwa kikaanza. Mimi hapo ndo niliposhawishika, maana kuikuta tu kwenye damu ya mgonjwa inaweza ikawa moshi na moto uko kwingine.

Dawa zikaja. Erenumabu, sindano ya mara moja kwa mwezi, ilipitishwa Marekani 2018, ni antibodi, protini kama zile za kinga ya mwili, inayoikalia risepta ya CGRP yenyewe, CGRP ikija inakuta pameshakaliwa. Fremanezumabu yenyewe haigusi risepta, inaikamata CGRP njiani. Vidonge navyo vipo. Siyo kila mtu zinamsaidia, wengine wanapata choo kigumu, na bei ndo usiseme. Ila kinachonifurahisha ni kwamba antibodi ni kubwa, kupenya mpaka ndani ya ubongo ni kidogo sana, na bado siku za kuumwa zinapungua, kwa hiyo inaonekana kazi kubwa inafanyika huko nje kwenye utando na kwenye ile neva.